Kutoka mbuzi wa London hadi saa ya mkononi: historia ya kompyuta ya kuzamia, na kwa nini inatuhusu sisi wa milimani

Butembo, Kivu ya Kaskazini. – Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, watu wakiwa ufukweni wanaiona. Makumi ya abiria walikufa. Kila ajali ya namna hiyo, iwe katika ziwa Kivu au katika ziwa Edouard, inarudisha swali lile lile: nani atashuka chini kuwatafuta waliobaki, na yeye mwenyewe atarudi mzima?

Mwaka wa 2019, huko Likoni, Mombasa, gari lilianguka baharini kutoka kwenye feri likiwa na mama na mtoto wake. Lilikutwa kwenye kina cha mita 58. Jeshi la maji la Kenya lilihitaji msaada wa wazamiaji kutoka Afrika Kusini, na zikapita karibu wiki mbili kabla gari halijatolewa. Watu wengi walikasirika na kuuliza kwa nini kazi inachelewa hivyo. Jibu moja ni kwamba mtu hawezi kushuka mita 58, kufanya kazi anavyotaka, kisha akapanda juu moja kwa moja. Akifanya hivyo anaweza kupooza au kufa, hata kama tanki lake bado limejaa hewa.

Leo kuna chombo kidogo, kinachovaliwa mkononi kama saa, kinachomwambia mzamiaji dakika ngapi zimebaki na apande kwa mwendo gani. Kinaitwa kompyuta ya kuzamia. Imechukua zaidi ya miaka 100 kukifikia, na historia yake ina madaraja, mbuzi, daktari wa milimani, na hata ziwa letu la Tanganyika. Tunaieleza hapa kwa sababu kuna jambo ndani yake linalowahusu hasa wakaaji wa Butembo, Beni na Goma, nalo halielezwi katika vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani.

Hewa inayojificha mwilini

Tuanze na chupa ya Primus. Ikiwa imefungwa, huoni povu. Gesi imo ndani, lakini imeyeyuka katika bia kwa sababu presha inaibana. Fungua kizibo haraka, povu linatoka hadi linamwagika. Fungua polepole, gesi inatoka kidogo kidogo bila fujo.

Mwili wa mzamiaji ni kama chupa hiyo. Hewa tunayovuta, karibu sehemu nne kwa tano ni nitrojeni, ile ambayo shuleni tuliifundishwa kwa jina la azoti. Juu ya nchi haitufanyi lolote. Lakini kila mita 10 za maji zinaongeza presha karibu sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya bahari. Mtu anayevuta hewa ya tanki kwenye mita 20 anavuta hewa iliyobanwa mara tatu, na azoti inaingia kwenye damu, mafuta, misuli, viungo na uti wa mgongo. Akikaa sana, inaingia nyingi. Akipanda haraka, inatoka kwa viputo, kama povu la chupa.

Viputo hivyo vikikaa kwenye magoti na mabega, ni maumivu makali. Vikikaa kwenye uti wa mgongo, miguu inakufa ganzi. Vikifika kwenye ubongo au mapafu, mtu anaweza kufa.

Lazima tutofautishe hapa. Kijana wa Kyavinyonge anayezama kwa pumzi yake mwenyewe kwenda kufungua wavu uliokwama anakaa chini dakika moja au mbili tu, na hewa yake ni ile aliyoivuta juu. Hatari yake kubwa ni kuishiwa pumzi na kuzimia ndani ya maji. Ugonjwa wa viputo ni hasa wa yule anayevuta hewa akiwa chini, iwe ya tanki au ya bomba la kompresa.

Madaraja ya watu wengine

Ugonjwa huu haukuanza kwa wazamiaji. Ulianza kwa wachimbaji na wajenzi. Mwaka wa 1841, mhandisi Mfaransa Triger alikuwa anachimba kisima cha makaa kando ya mto Loire. Ili maji yasiingie, alijaza hewa ya presha ndani ya bomba kubwa la chuma, wafanyakazi wakachimba humo ndani. Walipotoka, wengine walilalamikia maumivu ya viungo. Njia hiyo ya sanduku la chuma, kesoni, ikaenea kwa ujenzi wa madaraja.

Huko New York, katika ujenzi wa daraja la Brooklyn, wafanyakazi wengi waliumia na baadhi walikufa. Mhandisi mkuu, Washington Roebling, alipata pigo mwaka wa 1872 na hakupona tena kabisa. Mke wake, Emily, ndiye aliyebeba maagizo yake kwa mafundi miaka yote hiyo hadi daraja likafunguliwa mwaka wa 1883.

Mfaransa Paul Bert alitoa kitabu kikubwa mwaka wa 1878 akaonyesha chanzo: ni viputo vya azoti. Alishauri watu watolewe kwenye presha polepole. Lakini polepole ni kiasi gani? Dakika 5? Saa nzima? Mwenye kampuni anataka haraka kwa sababu muda ni pesa. Mfanyakazi naye anataka kurudi nyumbani. Bila namba, kila mtu anajiamulia.

Mbuzi wa Haldane

Namba zilitoka kwa mbuzi. Jeshi la maji la Uingereza lilimpa kazi mtaalamu wa fiziolojia, John Scott Haldane. Katika Taasisi ya Lister, London, yeye na wenzake Boycott na Damant waliwaingiza mbuzi katika chumba cha chuma, wakaongeza presha, wakawaacha muda fulani, kisha wakaitoa kwa njia mbalimbali. Mfugaji yeyote wa Lubero angeelewa walichokuwa wanakiangalia: mbuzi mwenye maumivu ya kiungo ananyanyua mguu wake na hataki kuukanyagia.

Mwaka wa 1908 walitoa matokeo yao. Walikuta kwamba mwili unaweza kuvumilia presha kupungua hadi nusu bila madhara makubwa. Basi, badala ya kupanda polepole kwa mwendo mmoja tu, mzamiaji apande haraka hadi nusu ya presha, asimame, azote itoke, apande tena kidogo, asimame tena. Wakaona pia kwamba sehemu za mwili hazijai kwa mwendo mmoja. Damu inajaa na kumwaga haraka, mafuta na viungo ni taratibu. Haldane aliugawa mwili kwa hesabu katika sehemu tano: ya haraka kabisa inajaa nusu kwa dakika 5, ya polepole kwa dakika 75.

Hesabu hiyo ikawa majedwali ya karatasi: kina hiki, dakika hizi, simama hapa na pale. Wazo la mwili kuwa na sehemu za haraka na za polepole bado liko ndani ya karibu kila kompyuta ya kuzamia inayouzwa leo.

Vita, gari la mkaa, na mchezo mpya

Hadi hapo, kuzamia kulikuwa kazi ya askari na wafanyakazi waliovaa kofia kubwa ya shaba. Mambo yalibadilika mwaka wa 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani. Petroli ilikosekana, watu wakaendesha magari kwa gesi ya kuni na mkaa. Mhandisi Émile Gagnan alikuwa ametengeneza kidude cha kupima gesi inayoingia kwenye injini. Afisa wa jeshi la maji, Jacques-Yves Cousteau, alikuwa anatafuta kitu cha kumpa mzamiaji hewa pale tu anapoivuta. Wakakigeuza kile kidude cha gari kuwa chombo cha kupumulia. Fundi yeyote wa Butembo anayefanya kipuri cha mashine moja kiingie kwenye nyingine anaijua kazi ya namna hiyo.

Baada ya vita, kuzamia kukawa mchezo wa raia, na shida mpya ikatokea. Askari anashuka kwenye kina kimoja, anafanya kazi, anapanda. Jedwali linamtosha. Lakini anayezama kwa kupenda anashuka mita 25, anafuata samaki hadi 15, anarudi 18. Jedwali linamhesabia kama alikaa mita 25 muda wote. Anaona anaibiwa dakika zake, anaanza kukadiria kichwani, na hapo ndipo watu waliumia.

Mwaka wa 1959, Waitaliano wa kampuni SOS waliuza kipimo kisicho na umeme. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa gesi na kipande cha kauri chenye vitundu vidogo sana. Presha ya maji ilisukuma gesi kupitia kauri taratibu, kama azoti inavyoingia mwilini, na mshale ukasogea. Kilikuwa na akili, lakini kiliiga sehemu moja tu ya mwili, na kimoja hakikufanana na kingine. Wazamiaji wa Marekani walikipa jina la dhihaka, kana kwamba ni mashine ya kutengeneza ugonjwa wenyewe.

Mwaka wa 1983 ndipo kompyuta za betri zilizoweza kuuzwa kwa raia zilipotokea: Orca Edge huko Marekani, na huko Ulaya DecoBrain ya Hans Hass. Mwaka wa 1987 zikafuata Aladin ya Uwatec na ile ya Suunto kutoka Finland. Kompyuta inapima kina kila sekunde chache, inahesabu azoti katika kila sehemu ya mwili, na inaonyesha dakika zilizobaki kwa safari halisi, si kwa safari ya kwenye karatasi.

Daktari wa milimani

Mtu tunayemhitaji zaidi sisi ni Albert Bühlmann, profesa wa Zürich, Uswisi. Nchi yake haina bahari. Wazamiaji wake walizama katika maziwa ya milimani, mahali ambapo majedwali ya jeshi la maji hayakufaa.

Kwa nini hayakufaa? Waulize akina mama wa Butembo kuhusu maharagwe. Mji wetu uko juu ya mita 1,700. Hewa ni nyepesi, presha ni kama asilimia 82 tu ya ile ya pwani, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na maharagwe yanakula makala kuliko kule chini. Au angalia mfuko wa chips uliofungwa pwani: ukifika Butembo umevimba kama mpira. Hakuna aliyeongeza hewa ndani. Ni presha ya nje iliyopungua.

Mzamiaji anayetoka majini akiwa mlimani anatokea kwenye presha ndogo kuliko anayetokea baharini. Tofauti kati ya chini na juu ni kubwa zaidi kwa kina kile kile. Kwa lugha ya chupa, kizibo kinafunguka zaidi. Bühlmann alizifanyia kazi hesabu hizo miaka mingi. Akaongeza sehemu za mwili hadi 16, za haraka zikijaa nusu kwa dakika 4, za polepole kwa dakika 635. Mwaka wa 1987 njia yake ilijaribiwa katika ziwa Titicaca, Amerika ya Kusini, kwenye mita karibu 3,800 juu ya bahari. Alifariki mwaka wa 1994. Hesabu zake alizichapisha wazi, na ndiyo sababu kampuni nyingi zinazitumia hadi leo.

Uvira, darasa la Kongo

Msidhani kuzamia kwa tanki ni habari ya wageni tu. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, pamoja na watafiti Wakongomani wa kituo cha Uvira, leo CRH, walizama miaka na miaka kwenye miamba ya ziwa Tanganyika. Walipima viwanja chini ya maji, kama mtu anavyopima shamba, wakahesabu samaki mmoja mmoja.

Humo walimfuatilia samaki anayekula magamba ya wenzake. Mdomo wake umepinda, wengine kulia, wengine kushoto. Mwaka wa 1993 Michio Hori alionyesha katika jarida Science kwamba wa kulia wakizidi, samaki wengine wanajihadhari upande huo, wa kushoto wanapata chakula zaidi, na hesabu inarudi sawa. Ni mfano unaofundishwa vyuoni duniani kote, na ulipatikana na watu waliozama katika maji yetu.

Ng'ambo ya ziwa, Burundi, Mbelgiji Pierre Brichard aliuza samaki wa mapambo nje ya nchi. Wazamiaji wake walijua kwamba hata samaki hapandishwi haraka: kifuko cha hewa tumboni mwake kinavimba, anakufa. Anapandishwa kwa hatua. Ni kanuni ile ile ya mbuzi wa Haldane.

Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari. Mashirika ya kufundisha kuzamia yanahesabu mlima kuanzia mita 300. Kwa hiyo Uvira tayari ni kuzamia kwa mlimani.

Edouard, Kivu, na barabara ya kupanda Butembo

Sasa tuje kwetu. Ziwa Edouard liko karibu mita 915 juu ya bahari. Kina chake kikubwa, zaidi ya mita 110, kiko upande wetu, chini ya milima ya magharibi. Ziwa Kivu liko mita 1,460, na kina chake kinapita mita 480. Chini ya mita 60 hivi maji ya Kivu hayana oksijeni, na chini zaidi yamejaa gesi ya kaboni na metani. Anayezama mita 20 katika Edouard anapaswa kuhesabu kama mita 22 za baharini. Katika Kivu, kama 23.

Lakini hatari kubwa zaidi iko baada ya kutoka majini. Kila mzamiaji anafundishwa asipande ndege baada ya kuzama, kwa sababu presha ndani ya ndege ni ndogo. Ushauri wa kawaida ni kungoja saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 ukizama mara nyingi au siku kadhaa. Ushauri huo unaanzia kwenye kupanda mita 600 tu. Basi hesabu: kutoka Kyavinyonge hadi Butembo kuna zaidi ya mita 800 za kupanda, na barabara yenyewe inapita kwenye milima ya Bashu iliyo juu zaidi. Pikipiki yetu ndiyo ndege yetu. Mtu anaweza kuzama vizuri saa nne asubuhi, kupanda polepole, kutoka bila maumivu, kisha viputo vikaamka akiwa barabarani, mbali na ziwa na mbali na hospitali.

Na tiba? Ni oksijeni safi mara moja, kisha chumba cha presha ambamo mgonjwa anarudishwa chini kwa hewa na kutolewa taratibu. Vyumba vinavyojulikana na wazamiaji wa Afrika ya Mashariki viko pwani, Mombasa na Zanzibar. Kwa mgonjwa wa hapa hizo ni safari za siku kadhaa, au za ndege, ambayo yenyewe inapunguza presha. Hata huko pwani, wavuvi wa jongoo bahari wa Zanzibar wanaozama kwa tanki bila mafunzo wameumia na wengine wamekufa. Wao wana chumba karibu. Sisi kinga ndiyo tiba yetu ya kwanza.

Tuseme pia kwamba ziwa Edouard upande wa Kongo lote liko ndani ya hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925. Hakuna anayezama humo kwa kujifurahisha bila ruhusa ya ICCN. Kuna viboko, na hali ya usalama tunaijua wote. Elimu hii kwa sasa ni ya waokoaji, watafiti, na kundi moja linalosahauliwa.

Wale wa draga

Kundi hilo ni vijana wanaozama mitoni kutafuta dhahabu. Kati ya 2013 na 2015, katika mto Ulindi, Shabunda, dhahabu ilileta draga nyingi. Katika draga za kienyeji, mtu anashuka na bomba la hewa mdomoni, hewa inatoka kwa kompresa iliyo juu, naye anaongoza bomba la kufyonza mchanga.

Mito mingi si ya kina kirefu. Haldane mwenyewe aliona kwamba kwenye mita chache hatari ya viputo ni ndogo. Lakini kadiri shimo linavyochimbwa, kina kinaongezeka, na vijana hao wanakaa masaa, si dakika. Tena kuna moshi wa mota: kompresa ikivuta hewa karibu na ekzosi, anayepumua chini anameza sumu bila kuisikia. Na mota ikizima, anapanda kwa woga, amebana pumzi, mapafu yanapasuka. Kompyuta ya mkononi haizuii moshi wala mota kuzima. Inasaidia jambo moja: kumwambia kijana na mwenye draga, kwa namba, kwamba muda umekwisha. Kama ilivyokuwa kwenye madaraja ya zamani, bila namba anayeamua ni yule mwenye haraka ya pesa.

Ukitaka kununua

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai na Guangzhou wanaweza kuileta kwa urahisi. Za kawaida zinauzwa mamia ya dola, na za hali ya chini zinafaa kabisa. Usilipie rangi ya kioo kabla ya kuuliza haya:

Kwanza, mlima. Kompyuta nyingine zinapima presha ya hewa zenyewe na kujirekebisha. Nyingine, hasa za bei ndogo, zinangoja uziambie. Kwa mfano, kwenye baadhi ya Suunto kuna hali tatu: A0 hadi mita 300, A1 hadi 1,500, A2 hadi 3,000. Inauzwa ikiwa kwenye A0, yaani bahari. Ukiingia nayo katika Edouard bila kuigusa, inakudanganya. Edouard ni A1. Kivu iko mpakani kabisa, heri A2. Kama unainunulia kundi la hapa, chukua inayojirekebisha yenyewe, kwa sababu siku ya ajali hakuna anayekumbuka kubonyeza.

Pili, betri. Yenye betri unayoweza kuinunua mjini na kuibadilisha mwenyewe inafaa kuliko ile ya kuchaji kwa waya wake maalumu. Umeme wetu mnaujua.

Tatu, kioo. Maji ya Edouard ni ya kijani na mazito. Namba ziwe kubwa, taa iwepo, na kitu cha kwanza kuonekana kiwe kina, dakika zilizobaki, na mwendo wa kupanda. Mwendo huo usipite mita 9 au 10 kwa dakika. Zamani jeshi la maji la Marekani liliruhusu mita 18; mwaka wa 1993 likapunguza hadi nusu.

Nne, hesabu. Uliza inatumia njia gani na kama unaweza kuongeza tahadhari. Mtu mwenye umri, aliyechoka, au anayefanya kazi nzito kama kuvuta mwili au mchanga, aongeze. Kompyuta haijui kama umelala vibaya au hukunywa maji.

Tano, kila mtu na yake. Mmoja alikuwa mita 22, mwenzake 17. Azoti yao si moja. Kuazimana kati ya safari mbili ni kosa kubwa zaidi, maana aliyeivaa wa pili anasoma mwili wa wa kwanza.

Ile ya mkono wa pili ijaribiwe kwanza. Ifunge kwenye kamba yenye alama za mita, ishushe mtumbwini, ipandishe uangalie rekodi ya kina. Maji baridi ya ziwa na maji ya chumvi yanatofautiana karibu asilimia 3, hivyo tofauti ndogo si ubovu. Tofauti ya mita nyingi ni ubovu.

Mwisho, chombo hiki hakimfundishi mtu kuzama. Kinamhesabia yule aliyefundishwa. Kabla ya kamati yoyote ya waokoaji kukusanya pesa za matanki, ianze na mafunzo, chupa ya oksijeni ufukweni, na kompyuta moja kwa kila anayeshuka. Na iandike kwa herufi kubwa, mahali pa kuegesha pikipiki: aliyezama leo analala hapa ziwani, Butembo atapanda kesho.